Ahadi ya Dinu Lipatti

Leo twawaletea habari za Dinu Lipatti, mpigaji hodari wa piano, kile kinanda kikubwa cha nyuzi. Alizaliwa Bucharest, katika nchi ya Rumania, mwaka 1917. Hakuwa tayari kupiga muziki mbele ya watu kabla hajaujua barabara; kwa hiyo sahani za santuri alizotuachia si nyingi.

Alipokuwa angali kijana alishikwa na maradhi mabaya. Mwezi wa Julai 1950 dawa mpya ilimpa nafuu, na mafundi wakamfuata Geneva na vyombo vyao, wakainasa sauti ya piano yake.

Tarehe 16 Septemba mwaka ule alitakiwa Besançon, Ufaransa. Daktari alimsihi asiende. Lakini alikuwa ameahidi, akaenda. Alikusudia kupiga walsi 14 za Chopin. Alipofika ya 13 nguvu zilimwishia. Baadaye akamalizia kwa wimbo mfupi wa Bach. Akafa tarehe 2 Desemba, mwenye umri wa miaka 33.

Muziki wa siku ile ulihifadhiwa na mafundi wa redio, nasi twaweza kuusikia hata leo. Ahadi ni deni, naye alililipa.