Kiwanja Kitazamwe Wakati wa Masika

(Mazungumzo ya Mweka Hazina wa zamani mbele ya wanachama na wageni, siku ya kuadhimisha miaka 10 ya kikundi chetu)



Miaka 10 si mchezo. Tulianza wanawake 18 chini ya mwembe, tukiwa na daftari moja na sanduku la bati lenye kufuli tatu. Leo tumekaa na wageni, na baadhi yetu wanalala katika nyumba walizojenga kwa mikopo ya kikundi hiki. Hongereni sana, akina mama.

Kamati imenipa nafasi nizungumze juu ya kuchagua kiwanja cha kujenga. Nadhani nimechaguliwa mimi kwa sababu somo hili nimelilipia ada. Na ada yenyewe ilikuwa fedha zenu.

Wanachama wa zamani wanakumbuka, wapya nawasimulia. Katika mwaka wa tatu wa kikundi, nikiwa Mweka Hazina, nilikopa shilingi 1,800,000 nikanunua kiwanja upande wa njia ya Kilwa, nje ya jiji la Dar es Salaam. Ilikuwa mwezi wa tisa. Ardhi kavu, tambarare, safi. Dalali akapima kwa miguu yake, akasema, "Ishirini kwa ishirini, mama." Akaniambia yuko mteja mwingine njiani anakuja na fedha taslimu. Nikalipa siku ileile.

Mwezi wa nne nikaenda na fundi kuchimba msingi. Jamani! Maji yalitufika magotini. Mtoto wa jirani akatuambia, "Mama, hapa kila masika sisi tunavua kambare." Fundi akakunja kamba yake, tukarudi.

Miezi 18 nililipa marejesho ya bwawa. Kila mkutano mkiniuliza ujenzi umefikia wapi, nilijibu, "Taratibu tu, mungu akipenda." Niliona aibu, maana mtu anayetunza fedha za wenzake ameshindwa kutunza akili yake. Siku nilipowaambia ukweli nilidhani mtanivua uongozi. Mlinigombeza, sikatai. Kisha mkapitisha kanuni kwamba hakuna mkopo wa kiwanja kabla wanachama wawili hawajaenda kukiona. Kanuni hiyo ndiyo iliyonipatia kiwanja ninachokaa leo. Niliyojifunza ni haya.

Jambo la kwanza ni maji. Kiangazi kila kiwanja ni kizuri. Nenda wakati wa masika, au siku ya pili baada ya mvua kubwa ya vuli. Ukishindwa kungoja, soma alama. Tazama kuta za nyumba za jirani, kama kuna mstari wa tope umeuonya mji. Tazama majani: mahali pote pamekauka, pale pakiwa pana matete na mafunjo ya kijani, jua maji yako karibu chini. Waulize watoto na wazee, maana hao hawana kamisheni. Tusisahau Desemba 2011, mafuriko yalipoua watu zaidi ya 40 hapa Dar es Salaam, na waliokuwa wakikaa bonde la Msimbazi wakapelekwa Mabwepande kuanza upya. Wengi wao hawakuwa wajinga. Walipata mahali pa bei nafuu karibu na mjini, kama ninavyotafuta mimi na wewe.

Jambo la pili ni udongo. Chukua jembe, chimba shimo la kufika kiunoni. Ukikuta kichanga kilichoshikana, shukuru. Ukikuta udongo mweusi wa mbuga, simama ufikiri. Udongo ule hunywa maji ukavimba, kiangazi ukapasuka, na ukuta ulio juu yake unapasuka vilevile. Kujenga inawezekana, lakini msingi utataka nondo na saruji nyingi, na ile bei poa ya kiwanja utailipa chini ya ardhi. Kisha mimina ndoo ya maji katika shimo. Yakisimama hadi kesho yake, ujue choo chako nacho kitajaa.

Jambo la tatu ni nyumba yenyewe. Wengi wetu tunanunua kwanza, halafu ndio tunafikiria tujenge nini. Geuza. Kaa na familia mseme: tunataka vyumba vingapi, jiko la nje au la ndani, kibaraza cha kufanyia biashara, choo wapi, kisima wapi. Nyumba ya mita 12 kwa 10 katika kiwanja cha mita 20 kwa 20 inaingia vizuri. Kiwanja chembamba cha mita 10 kwa 40 kina ukubwa uleule wa mita za mraba 400, lakini nyumba hiyo haikai. Kwa hiyo nenda na kamba ya kupimia. Miguu ya dalali si mita.

Tazama pia jua na upepo. Huku kwetu jua huchoma ukuta wa mashariki asubuhi na wa magharibi alasiri. Nyumba ikilala kutoka mashariki kwenda magharibi, kuta ndefu zinatazama kaskazini na kusini, na vyumba havigeuki tanuri. Kaskazi ikivuma kuanzia Desemba, na kusi ikivuma katikati ya mwaka, madirisha ya pande hizo yanakupa upepo wa bure. Na barabara je? Lori la mchanga lisipofika, utalipa vibarua wabebe kwa vichwa, na hesabu yote itaharibika.

Jambo la nne ni karatasi. Ardhi yote ya Tanzania ni mali ya umma chini ya Rais kama mdhamini. Tunachonunua sisi ni haki ya kuitumia, kwa hiyo uliza muuzaji ana haki gani. Kama kiwanja kimepimwa na kina hati, nenda ofisi ya Msajili wa Hati ukafanye upekuzi ujue jina la nani limeandikwa, na kama hakina rehani. Kama hakijapimwa, nenda serikali ya mtaa, zungumza na majirani wa pande zote nne, kisha nenda idara ya ardhi ya manispaa ukaone ramani ya mipango miji. Huenda palepale pamechorwa shule au barabara. Mwaka 2017 nyumba nyingi za kuanzia Kimara hadi Kiluvya zilibomolewa kupisha upanuzi wa barabara ya Morogoro, na nyingine zilikuwa za ghorofa. Aidha Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza ujenzi wa kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au ufuko wa bahari.

Na jina, akina mama! Sheria ya Ardhi Na. 4 ya mwaka 1999 inasema wazi kuwa mwanamke ana haki sawa na mwanamume ya kupata ardhi, kuimiliki na kuitumia. Mkinunua pamoja na baba watoto, majina yaandikwe yote mawili. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inamkataza mwanandoa kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake, lakini karatasi yenye jina lako inakupunguzia safari za mahakamani. Hapa simsemi mume wa mtu. Mume mwema naye hufa, na ndugu zake huja na daftari lao.

Sasa nimalizie kwa jambo ambalo pengine halikutegemewa siku ya sherehe. Mama Mwenyekiti uniwie radhi. Sote tunajua lipo eneo la eka moja na nusu ambalo kikundi kinataka kununua kwa akiba ya miaka 10, tugawane viwanja. Muuzaji ametupa hadi mwisho wa mwezi huu wa pili. Bei ni nzuri, stendi iko karibu, na wengi wenu mmeshachagua kona zenu.

Jumatatu nilikwenda peke yangu. Nyasi za mtaa mzima zimekauka, mbuzi wanahangaika. Nusu ya eneo lile, upande wa chini, ni kijani kibichi, na matete yamenifika begani. Nilichimba kidogo kwa jembe la kuazima. Udongo ni mweusi.

Sisemi kuwa tusinunue. Huenda nusu ya juu inafaa, na bei ikazungumzwa upya. Ninachoomba ni tungoje masika inayoanza mwezi ujao, tukanyage pale kwa miguu yetu sote. Mtaniambia bei itapanda, au mteja mwingine ataingia. Mteja huyohuyo ndiye aliyekuwa njiani siku ile ya kiwanja changu, na hadi leo sijamwona.

Mimi niliposhindwa, nilikuwa na kikundi cha kunishika mkono. Kikundi kikishindwa chote kwa pamoja, nani atatushika? Uamuzi ni wenu katika mkutano wa Jumamosi. Mimi kura yangu nimekwisha kuisema hapa mbele ya wageni, msije mkasema safari hii nilificha.

Mungu akibariki kikundi chetu.