Kompyuta Mbili, Nyumba Moja

Msikilizaji wa Kapseret, kompyuta zako mbili nyumbani zimekataa kupeana mafaili? Usikimbilie fundi mjini Eldoret. Angalia kwanza: zote mbili ziko kwenye Wi-Fi moja? Mara nyingi moja imeshika ruta, nyingine imeshika bando la simu. Hapo hazitaonana kamwe. Wi-Fi moja, tafadhali.

Bado? Kwenye Windows, fungua mipangilio ya mtandao. Ukikuta imechaguliwa Public, kompyuta inajificha isionekane na nyingine. Chagua Private, kwenye zote mbili. Kisha ruhusu kushiriki mafaili.

Ila ukitumia Wi-Fi ya saiba au hoteli, baki kwenye Public, maana huko usiowajua wanaweza kuyafikia mafaili yako. Private ni ya mtandao unaouamini, kama wa nyumbani.