Mchoraji Huinuliwa na Anayemwamini

Mazungumzo kwa wasanii, wazazi na wafanyabiashara, Karatina



Kijana anayechora mabango ya vinyozi na kuta za hoteli mjini Karatina huulizwa nyumbani atatafuta kazi lini. Sane Wadu, aliyezaliwa Nyathuna, Kiambu, mwaka 1954, anaijua hali hiyo. Alikuwa mwalimu, na uchoraji alijifunza mwenyewe. Alipoacha kazi ili achore, akipaka rangi hata nguo alizovaa, watu walisema amerukwa na akili. Naye akajiita Sane, neno la Kiingereza lenye maana ya mtu mwenye akili timamu.

Aliyemwona kwa jicho jingine ni Ruth Schaffner, mfanyabiashara wa sanaa aliyetoka Marekani na kuchukua jumba la Gallery Watatu, Nairobi, katikati ya miaka ya 1980. Alizitundika ukutani kazi za watu ambao hawakupita chuo cha sanaa, akiwemo Sane na Jak Katarikawe kutoka Uganda, akazitafutia wanunuzi. Picha zilizochekwa kijijini zikapata bei mjini.

Hata hivyo, mlango mmoja hautoshi. Schaffner alifariki mwaka 1996, na baadaye Watatu ikafungwa. Sane hakuishia hapo, kwa kuwa yeye na wenzake walikuwa wameunda chama cha wasanii kule Ngecha. Mwaka 2022, taasisi ya NCAI jijini Nairobi ilionyesha kazi zake za miaka mingi.

Wasanii wa Karatina, jiungeni mkiwa kikundi. Kila picha iandikwe jina na mwaka, ipigwe picha, na mauzo yawe na risiti. Sheria ya Hakimiliki, ilivyorekebishwa mwaka 2019, inampa mchoraji haki ya asilimia 5 kazi yake inapouzwa tena kibiashara. Asiye na kumbukumbu atadai vipi?

Wenye hoteli na maduka, kabla ya kununua picha iliyochapishwa ng'ambo, mwulizeni kijana wa hapa anauza kwa bei gani, na mmlipe bila kumzungusha.

Nanyi wazazi, kabla ya kusema mtoto amepotea, tazameni kwanza alichochora.