Mvua ya Aprili, Mpango wa Septemba

Mazungumzo yaliyotayarishwa kwa vikao vya wakazi wa wadi ya Mountain View, Kaunti Ndogo ya Westlands, kuhusu nafasi ya vijana katika sera za jamii na za tabianchi

 

Vikao vya kutoa maoni ya umma vina sura moja ambayo wengi hapa wanaijua. Viti vya mbele wamekaa wazee na kina mama. Vijana wachache waliofika wamesimama karibu na mlango, simu mkononi, wakihesabu dakika. Kikao kimeitishwa saa nne asubuhi siku ya kazi, wakati mwendeshaji boda ana abiria, muuza nguo amefungua kibanda na mwanafunzi yuko darasani. Tangazo lilichapishwa gazetini, na mtu wa miaka 24 anayenunua gazeti siku hizi ni wa kutafutwa kwa tochi. Baadaye ripoti inaandikwa kwamba vijana hawakujitokeza.

Kijana naye ana maelezo yake. Anasema anaitwa kujaza viti, kupigwa picha na kunywa soda, na kwamba uamuzi ulikuwa umeshakatwa kabla hajaingia ukumbini. Malalamiko hayo si ya kupuuzwa, kwa sababu mara nyingi ni kweli: uamuzi ulishakatwa. Jambo ambalo halisemwi sana ni lini ulikatwa, na nani alikuwepo. Mazungumzo haya yanahusu hilo.

Kwanza sheria, kwa ufupi. Katiba ya 2010 inamhesabu kijana kuwa mtu aliyefikisha miaka 18 na ambaye hajafika 35. Kifungu cha 55 kinaiagiza serikali ihakikishe kwamba vijana wanapata nafasi ya kuwakilishwa na kushiriki katika mambo ya siasa, jamii na uchumi. Kifungu cha 196 kinalitaka bunge la kaunti lishirikishe umma katika kazi zake. Kifungu cha 42 kinampa kila mtu haki ya mazingira safi. Kwa hiyo kijana anayeingia katika kikao cha kaunti hajaja kuomba hisani.

Sasa turudi Aprili 2024. Mvua ya masika mwaka ule iliua zaidi ya watu 200 nchini. Jijini Nairobi, Mathare na Mukuru ziliumia sana. Maji yalipoanza kupungua ikatoka amri kwamba walio ndani ya mita 30 kutoka mtoni waondoke, na matingatinga yakafuata. Familia zilizokuwa zimenusurika maji zikapoteza kuta zilizobaki.

Mkazi wa Mountain View anaweza kuuliza hayo yanamhusu nini, maana hapa ni juu. Yanamhusu kwa sababu hiyo hiyo. Magharibi ya Nairobi ni mwinuko, na mashariki ni mteremko. Mto Nairobi huanzia kwenye kinamasi cha Ondiri kule Kikuyu, ukashuka kupitia vitongoji vya magharibi, ukavuka katikati ya jiji na kuelekea Eastlands, hadi kuingia mto Athi ambao mwishowe humwaga maji Bahari ya Hindi karibu na Malindi. Kila ua linalofunikwa kabro huku juu, kila mtaro unaozibwa na mifuko ya taka, kila bustani inayogeuzwa kuwa maegesho ya magari, huongeza maji yasiyozama ardhini, na maji hayo yana mahali yanakokwenda. Anayeishi kando ya Waiyaki Way huyaona yakipita mlangoni kwa nusu saa. Anayeishi Mathare huyapokea.

Hii ndiyo maana sera ya tabianchi katika jiji hili haiwezi kutenganishwa na sera ya jamii. Swali la mita ngapi ziachwe kando ya mto ni swali la nani atahamishwa, kwa notisi ya siku ngapi, na aende wapi. Majibu yake yanapoandikwa wakati wa dharura, anayeyaandika hana muda wa kumsikiliza mtu.

Miezi miwili baadaye nchi ikaona upande mwingine wa jambo hilo. Mswada wa Fedha wa 2024 ulikuwa na mapendekezo mengi ya kodi, na moja lilikuwa la ushuru wa mazingira kwa bidhaa ambazo taka zake ni ngumu kuondoa: vifaa vya kielektroniki, betri, nepi na nyinginezo. Kwenye karatasi, hiyo ilikuwa sera ya mazingira. Mtaani, ilisikika kama kodi ya simu na ya nepi za mtoto. Vijana waliusoma mswada ule ukurasa kwa ukurasa, wakautafsiri kwa Kiswahili na lugha za nyumbani, wakaueleza kwa video fupi. Tarehe 25 Juni waliingia barabarani. Siku iliyofuata Rais alitangaza kwamba hatautia sahihi. Katika maandamano ya kipindi hicho makumi ya watu walipoteza maisha, na familia zao bado zinaishi na pengo hilo.

Ushuru ule ulikufa pamoja na mswada. Taka za kielektroniki hazikufa. Betri na nepi bado zinafika Dandora, jaa ambalo lilitangazwa kuwa limejaa tangu 2001. Sera iliyoletwa kwa vijana ikiwa imeshapikwa ilikataliwa, na hapakuwa na sufuria nyingine jikoni. Kama vijana hao hao waliochambua mswada mwezi wa Juni wangeulizwa mapema namna ya kushughulikia simu zilizokufa na betri zilizovuja, huenda jibu lingekuwa jingine. Waliochambua kurasa zile kwa usiku mmoja hawakukosa uwezo wa kuandika.

Wala si jambo geni kwa vijana wa Kenya kusukuma sera ya mazingira hadi ikasogea. Msitu wa Karura, ambao jina lake limebebwa na mojawapo ya wadi tano za Westlands, ulikuwa ukigawiwa watu binafsi miaka ya 1990. Profesa Wangari Maathai na wenzake walipokwenda kupanda mti langoni Januari 1999, walipigwa, naye akajeruhiwa kichwani. Wanafunzi wa vyuo vikuu wakaandamana siku zilizofuata. Mwezi Agosti mwaka huo Rais Moi alitangaza kusimamisha ugawaji wa ardhi ya umma. Wanaotembea Karura Jumapili wakiwa na watoto na baiskeli wanatembea juu ya uamuzi huo.

Mfano wa pili hauna rungu wala moshi. James Wakibia, mpiga picha wa Nakuru, alichoshwa na mifuko ya plastiki iliyokuwa ikipeperuka kutoka jaa la Gioto. Akaanza kupiga picha, kuandika barua kwa magazeti na kukusanya watu mtandaoni chini ya alama ya reli moja, akiitaja wizara kila mara. Alifanya hivyo kwa miaka, si kwa wiki. Waziri wa Mazingira wa wakati huo, Profesa Judi Wakhungu, akaunga mkono, na tarehe 28 Agosti 2017 marufuku ya mifuko ya plastiki ikaanza kutumika, na faini yake ikifika shilingi milioni 4. Jambo la kuzingatia hapa ni kwamba ombi lake lilikuwa moja na lilieleweka na mtoto: mifuko hii ipigwe marufuku. Hakuomba "mazingira bora kwa wote".

Na sasa kalenda, ambayo ndiyo kiini. Kwa mujibu wa Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012, mpango wa maendeleo wa mwaka wa kaunti hufikishwa katika bunge la kaunti kabla ya tarehe 1 Septemba. Mwezi Februari, kabla ya tarehe 28, huwasilishwa waraka wa sera ya fedha, unaoweka kiwango ambacho kila idara haitakiwi kuvuka. Makadirio ya bajeti huja kufikia mwisho wa Aprili, na bajeti hupitishwa kufikia tarehe 30 Juni.

Watu wengi huamka Mei au Juni. Kufikia hapo, mtaro ambao haukuingia katika mpango wa Septemba ni vigumu kupata pesa, hata kama ukumbi mzima utapiga kelele. Afisa anayewaambia wakazi "tumesikia, tutaangalia" mwezi wa Juni huenda anasema kwa nia njema, lakini kiwango cha idara kilishawekwa Februari.

Angalieni jinsi kalenda hiyo inavyokutana na mvua. Masika hunyesha Machi hadi Mei. Picha ya mtaro uliofurika Aprili, yenye tarehe na mahali, ni ushahidi wa mpango wa Septemba. Vuli huanza Oktoba, na picha zake zinawahi waraka wa Februari. Simu ambazo tayari zimejaa video za maji yakivuka barabara zina kumbukumbu ambayo ofisi nyingi hazina. Kasoro ni kwamba video hizo hupakiwa mtandaoni, hupata vicheko na maoni ya siku mbili, na hazifiki kwa mtu anayeandika mpango.

Inafaa pia kujua mlango wa kubisha. Jedwali la Nne la Katiba limezipa kaunti kazi ya mitaro ya maji ya mvua katika maeneo ya mjini, ukusanyaji wa taka, taa za barabarani na barabara za kaunti. Waiyaki Way ni barabara kuu ya kitaifa na iko chini ya KeNHA. Mito ina Mamlaka ya Rasilimali za Maji, na uchafuzi una NEMA. Ombi la mtaro wa Waiyaki Way likipelekwa kwa kaunti peke yake litazunguka mezani mwaka mzima. Mkazi ana haki ya kukasirikia mgawanyo huo, maana maji hayaulizi barabara ni ya nani. Lakini barua yenye anwani mbili hufika mbali kuliko barua yenye anwani moja isiyo sahihi.

Tuseme kikundi cha vijana wa mtaani kinataka kuandika. Ukurasa mmoja unatosha. Mahali panatajwa kwa jina la barabara na alama inayojulikana. Tatizo linaelezwa kwa tarehe, picha na idadi ya nyumba au vibanda vinavyoathirika. Kinachoombwa kinasemwa: mtaro upanuliwe, au uzibuliwe kabla ya kila msimu, au kalvati iongezwe. Majina na sahihi hufuata. Nakala moja inakwenda kwa karani wa bunge la kaunti pale City Hall, moja kwa ofisi ya kaunti ndogo, na moja kwa mwakilishi wadi. Kikundi kibaki na nakala yenye mhuri wa kupokelewa. Mhuri huo ni muhimu kuliko picha ya pamoja na mheshimiwa.

Vikundi vya kuzoa taka vina jambo lao zaidi. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022 inataka taka zitenganishwe nyumbani na inazipa kaunti jukumu la kuweka vituo vya kuchambulia. Hilo ni jambo jema, lakini kijana anayesukuma mkokoteni kutoka lango hadi lango ana swali lake: kituo kikijengwa, yeye atakuwa nani? Atasajiliwa, ataajiriwa, au kazi yake itachukuliwa na kampuni yenye lori? Swali hilo lina majibu mengi yanayowezekana, na jibu litaandikwa na waliokuwepo wakati kanuni zinajadiliwa. Asiyekuwepo ataletewa jibu akiwa na mkokoteni wake getini.

Baada ya barua, kuna kufuatilia, na hapa ndipo vikundi vingi huchoka. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012, kifungu cha 88, inampa mkazi haki ya kuwasilisha ombi, na kifungu cha 89 kinazilazimu ofisi za kaunti kujibu bila kuchelewa. Anayetaka stakabadhi, kwa mfano orodha ya miradi ya wadi na pesa iliyotengwa, anaweza kuiomba kwa maandishi chini ya Sheria ya Kupata Habari ya 2016, na ofisi ina siku 21 za kujibu. Si lazima mwombaji aeleze sababu.

Upande wa ofisi pia una kazi. Kikao cha vijana kinaweza kuitishwa Jumamosi mchana. Tangazo linaweza kubandikwa kwenye steji, kwenye duka la M-Pesa na katika makundi ya WhatsApp ya mtaa, si gazetini tu. Rasimu inaweza kutolewa kwa Kiswahili, kwa kurasa chache, wiki mbili kabla. Na ripoti inayotoka baada ya kikao inaweza kueleza ni maoni gani yaliyokubaliwa, ni yapi yaliyokataliwa na kwa nini. Kijana aliyekataliwa kwa sababu iliyoandikwa hurudi mwaka unaofuata na hoja bora. Aliyenyamaziwa harudi.

Mezani kwenye mlango wa ukumbi kuna karatasi za ukubwa wa nusu ukurasa, zenye nafasi ya kuandika jina la barabara, tarehe maji yalipofurika na nambari ya nyumba iliyo karibu. Walio na picha za Aprili kwenye simu wanaombwa wazijaze kabla ya kuondoka, wakati bado wanakumbuka ilikuwa siku gani.