Tuhesabu Ndege Kabla Hatujanunua Kiwanja

Hotuba ya mjumbe wa kamati ya fedha kwenye mkutano mkuu wa mwaka



Nimepewa robo saa nizungumzie ndege. Nimewaona baadhi yenu mkicheka mlipoisoma ratiba. Mhasibu na ndege, wapi na wapi? Lakini mezani kwenu lipo pendekezo kwamba chama kinunue kiwanja kule bondeni, pembeni mwa mji, tujenge fremu kumi za kupangisha. Bei yake ni ndogo kuliko ya kiwanja chochote cha ukubwa ule. Kazi ya mhasibu anapoona bei ya namna hiyo ni kuuliza kwa nini. Jibu nimelipata kwa ndege, na naomba mnivumilie niwaeleze.

Bonde lenyewe mnalijua. Upande wa barabara limejazwa kifusi na nyumba zimeshasimama, nyingine za ndugu zetu tuliokaa nao humu ndani. Upande wa pili bado kuna matete, vinyungu vya mboga, na maji yanayotuama kipindi chote cha mvua. Nendeni pale saa kumi na mbili na nusu asubuhi, mkae dakika ishirini bila kupiga kelele. Upande wa matete mtawaona yangeyange weupe. Mtamwona fundichuma, yule wa kahawia mwenye kichwa kama nyundo, akikoroga matope kwa miguu ili vyura watoke. Mtamwona mdiria ametulia juu ya tete, anasubiri kisamaki. Mkigeuka upande wa kifusi mtakuta kunguru na shomoro basi.

Tofauti hiyo ina maana ya kihesabu. Fundichuma anafuata vyura, na vyura wanahitaji maji yasiyokauka upesi. Mdiria anawinda kwa macho, kwa hiyo anahitaji maji ambayo hayajawa tope tupu wala taka. Mkimwona yeye, mmeshasoma hali ya maji bila kupeleka chupa maabara. Kunguru naye anafuata jalala. Siku fundichuma akihama na kunguru akaongezeka, bonde limebadilika, hata kama kwa macho yetu bado ni la kijani. Watu wanaotazama ndege wanaandika tarehe, mahali, aina na idadi. Sisi wahasibu tunaita hiyo kuhesabu mali ghalani.

Na mali yenyewe ni maji. Sensa ya 2012 iliwakuta wakazi wa mji wa Tunduma hawajafika laki moja. Sensa ya 2022 iliwakuta wamezidi laki mbili. Kwa miaka kumi watu wameongezeka zaidi ya mara mbili, na mvua ni ile ile. Bonde lenye matete linapokea maji ya mvua kwa wingi na kuyaachia taratibu. Sehemu yanazama ardhini kuelekea visimani, sehemu inabaki ya kumwagilia vinyungu wakati wa kiangazi. Ukilijaza kifusi, maji yale yale yanapita kwa siku moja, na yanapita sebuleni kwa mtu.

Mzee mmoja ameniuliza jana: "Mwanangu, ndege hawa si ndio wanaomaliza mtama wetu?" Mzee wangu, ni kweli kwelea kwelea ni janga. Lakini ndege si wote kwelea. Kila mwaka, kuanzia kama Novemba hadi Machi, wanakuja korongo weupe kutoka Ulaya, na chakula chao ni panzi, nzige na viwavijeshi. Mbuga za Ziwa Rukwa, ambalo sehemu yake iko ndani ya mkoa wetu, zinajulikana kimataifa kuwa ni mazalio ya nzige wekundu. Lipo shirika la nchi kadhaa linalopambana na nzige hao, makao yake Ndola, Zambia. Mwaka 2009 mbuga hizo zilinyunyiziwa dawa ya kuvu, inayoua nzige bila kuwadhuru ndege wanaowala. Orodha nzuri ya ndege itamsaidia mkulima kumjua mwizi wake na kumjua mlinzi wake.

Sasa nitoe mifano miwili ya miji iliyojenga ndani ya mabonde. Wa kwanza ni Dar es Salaam ninakoishi. Bonde la Msimbazi lilijengwa kidogo kidogo, kila mmoja akiona kiwanja chake peke yake hakina madhara. Desemba 2011 mafuriko yaliua watu zaidi ya 40 jijini, na serikali ikalazimika kuzihamishia familia Mabwepande. Hata karakana ya mabasi yaendayo haraka pale Jangwani imeingiliwa na maji mara kadhaa. Mwaka 2022 Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wa dola za Marekani milioni 200 kwa ajili ya bonde hilo, na sehemu ya kazi ni kulipa fidia, kuhamisha watu, na kulirudisha bonde kuwa eneo la wazi. Yaani nchi inakopa ili inunue upya kile kilichouzwa kwa bei rahisi.

Mfano wa pili ni Dunga, pembeni mwa jiji la Kisumu, Kenya. Pale jiji limesogea hadi kwenye mafunjo ya Ziwa Victoria. Ndani ya mafunjo hayo yupo ndege mwenye kifua chekundu na utosi wa manjano, ambaye maisha yake yote yanategemea mafunjo. Yakikatwa yote, hana pa kuhamia. Wenyeji wa Dunga, ambao ni wavuvi na wasuka mikeka, wamejipanga kuwatembeza wageni wanaokuja kumtazama. Bado wanavutana na ujenzi, lakini wanajua walicho nacho, kwa sababu wamekihesabu.

Nisiwadanganye. Katika makadirio yangu sijaweka hata shilingi moja ya watalii. Wageni wengi wanaokaa Tunduma ni madereva wa malori wanaosubiri kuvuka mpaka, na hawaji na darubini. Hoja yangu ni maji, mafuriko na sheria.

Nimeitaja sheria. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira, Namba 20 ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto, ziwa na vyanzo vya maji vya namna hiyo. Tumepima kwa kamba kutoka kwenye kijito, na zaidi ya nusu ya kiwanja kinachouzwa iko ndani ya mita hizo. Ndiyo siri ya bei. Tukijenga fremu kumi pale, siku yoyote tunaweza kuwekewa alama nyekundu, na fedha za wajane na wastaafu waliochangia chama hiki zitakuwa zimelala kwenye kifusi.

Kwa hiyo naomba mkutano huu upitishe mambo matatu.

Kwanza, tukiache kiwanja cha bondeni, tununue kidogo zaidi mahali pa juu. Kwa fedha tulizo nazo tutapata fremu nne badala ya kumi. Najua inauma, na kodi itakuwa ndogo kwa miaka ya mwanzo. Lakini nne zitabaki zetu.

Pili, tuiombe halmashauri ipime na kuweka nguzo za mpaka kwenye upande ambao haujajengwa, nasi tuchangie saruji na nguvu kazi. Sisemi nyumba za ndugu zetu zibomolewe. Nasema kifusi kiishie pale kilipofika. Wenye vinyungu waendelee na mboga zao, bila kuchoma matete.

Tatu, tuanze kuhesabu ndege. Kila Januari, wapenzi wa ndege Afrika nzima wanahesabu ndege wa majini kwa utaratibu wa shirika la Wetlands International. Tunahitaji darubini mbili, madaftari, na walimu wawili wa shule ya jirani wenye moyo. Vijana wenye simu watatumia programu ya eBird ya Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, ambayo ni ya bure. Tukihesabu siku zile zile kila mwaka, baada ya miaka mitano tutakwenda halmashauri na karatasi mkononi, badala ya kwenda na malalamiko.

Kwa jambo la pili na la tatu naomba kila mwanachama atoe shilingi 20,000. Mhazini amekaa karibu na mlango na kitabu cha stakabadhi. Atakayeahidi leo aandike tarehe ya kulipa, maana mnanijua, nitapiga simu. Mimi naanza na yangu na ya mama yangu, ambaye kinyungu chake kiko kule chini na ndiye aliyenifundisha majina ya ndege hawa.