Ushahidi wa Safu ya Kwanza: Juu ya Kununua na Kuuza Magari Yaliyotumika

Darsa ya Ramadhani baada ya Swala ya Alasiri. Imenakiliwa kutoka katika sauti iliyorekodiwa msikitini.

Bismillahir Rahmanir Rahim. Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, Mola wa walimwengu wote, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na Maswahaba wake. Ama baad.



Jana tulimaliza mlango wa yanayobatilisha funga, na wengi wenu mlitazamia kwamba leo tungeingia katika Zakatul Fitri. Tutaingia inshallah, siku zingalipo. Leo tumeona tuzungumze juu ya magari. Tunawaona vijana kule nyuma wanatabasamu, na hatuwalaumu, kwani si neno lililozoeleka katika mimbari. Lakini sisi tuishio Uingereza, na hasa katika miji hii iliyo mbali na London, tunajua kwamba zamu ya hospitali au ya ghala huanza kabla basi la kwanza halijapita. Gari kwetu ni chombo cha riziki. Na kwa kuwa gari jipya ni zito kwa mifuko yetu, twanunua yaliyotumika, na wapo ndugu miongoni mwetu ambao kuyauza ndiyo kazi yao, na ni kazi ya halali kabisa.

Kisa tutakachokisimulia ni cha kweli, na mwenyewe ametupa ruhusa. Mama mmoja wa jumuiya yetu, ambaye kazi yake ni kuwahudumia wazee majumbani mwao, alitupigia simu kabla ya mwezi wa Shaaban. Alikuwa ameliona gari katika yadi ya ndugu mmoja anayeswali nasi hapa. Akatuuliza, "Shekhe, huyu ni mtu wa kuaminika?" Tukamjibu bila kusita, "Mama, huyo ni mtu wa safu ya kwanza. Nenda kwa amani." Akaenda, akalipa pauni 3,200, fedha alizoziweka akiba kwa muda wa miaka miwili.

Siku ya kumi na moja gia zikaanza kugoma. Mara gari huruka, mara hukataa kabisa kupanda kilima, na taa ya injini ikawaka kwenye dashibodi isizimike. Mama huyo hakumwambia muuzaji, wala hakutuambia sisi. Aliendelea kuliendesha hivyo hivyo usiku, kutoka nyumba ya mzee mmoja hadi nyingine. Alipotupigia tena ilikuwa siku ya thelathini na sita, na gari lilikuwa limelala kando ya barabara kuu. Tulipomuuliza kwa nini alinyamaza muda wote huo, alisema, "Niliona haya, Shekhe. Ni ndugu yetu. Na wewe ulimsifu."

Maneno hayo, ndugu zetu, tumelala nayo mara nyingi.

Mnakijua kisa cha Sayyidna Umar (R.A.) na yule mtu aliyekuja mbele yake kumtolea mwenziwe ushahidi wa wema. Umar alimuuliza kama yeye ni jirani yake, anayemwona akitoka na kuingia, akasema sivyo. Akamuuliza kama amewahi kusafiri naye, akasema hajawahi. Akamuuliza kama amewahi kuamiliana naye kwa dinari na dirhamu, akasema hapana. Ndipo Umar akamwambia kwamba pengine alimwona tu msikitini akiinua kichwa na kukiinamisha. Yule mtu akakiri. Umar akamjulisha kuwa basi hamjui, akataka aletwe mwingine anayemjua.

Kisa hiki tumekisomesha hapa zaidi ya mara moja. Tulikisoma chuoni, tukakifanyia mtihani. Na siku tulipoulizwa na mama mwenye njaa ya jibu la kweli, tulitoa ushahidi uleule alioukataa Umar. Hatujawahi kununua hata gurudumu kwa ndugu yule. Tulichokijua ni mgongo wake katika rukuu.

Tulikwenda yadini pamoja na mama huyo na kijana wake wa kiume. Kijana, Mwenyezi Mungu ambariki, alifanya kitu ambacho sisi wazee hatukukifikiria. Aliingiza namba ya gari kwenye tovuti ya serikali inayohifadhi kumbukumbu za ukaguzi wa kila mwaka, huu tuuitao MOT. Jambo hili halina malipo, na ni wazi kwa kila mtu. Pale huandikwa maili zilizosomwa siku ya kila ukaguzi, pamoja na kasoro alizoziona mkaguzi. Mita ya gari lile ilisema maili 64,000. Ukaguzi wa miaka mitatu nyuma ulisema maili 97,000.

Ndugu muuzaji alisema alilinunua mnadani hivyo hivyo, na kwamba si yeye aliyerudisha mita nyuma. Sisi twamsadiki katika hilo. Lakini kumbukumbu ambayo kijana wa miaka kumi na tisa aliipata kwa dakika moja, mfanyabiashara wa magari naye angeipata kwa dakika moja. Asiyetazama kwa sababu anachelea atakachokiona hana udhuru wa asiyejua.

Hapa turudi katika Hadithi iliyopokewa na Abu Hurayra (R.A.), iliyomo katika Bukhari na Muslim, juu ya mnyama aliyefungwa chuchu. Wauzaji wa zama zile walikuwa wakiacha kumkama ngamia au mbuzi kwa siku kadhaa, maziwa yakajaa, kiwele kikavimba, na mnunuzi akadhani huyu ni mnyama mwenye maziwa mengi siku zote. Mtume (S.A.W.) alikataza jambo hilo. Na aliyekwisha kununua akampa hiari baada ya kumkama: akiridhika amzuie, na asiporidhika amrudishe pamoja na pishi ya tende. Riwaya nyingine zimeiwekea hiari hiyo muda wa siku tatu. Tazameni basi mita iliyorudishwa nyuma, au injini iliyosafishwa ikang'aa ili mvujo wa oili usionekane. Ni kiwele kilekile kilichofungwa, ila leo kina namba za umeme.

Na ile pishi ya tende msiipite haraka. Wanazuoni wameeleza kwamba ni badala ya maziwa yaliyokuwamo kiweleni siku ya mauzo, ambayo mnunuzi amekwisha kuyakama. Muuzaji amedanganya, hata hivyo haki yake katika yale maziwa haikupotea. Ajabu ni kwamba sheria ya nchi hii, ile ya haki za wanunuzi ya mwaka 2015, ina jambo linalofanana na hilo. Anayenunua kwa mfanyabiashara gari lenye kasoro iliyokuwamo tangu siku ya mauzo ana siku 30 za kulikataa na kurudishiwa fedha zake zote. Siku hizo zikipita, muuzaji hupewa fursa moja ya kulitengeneza. Asipofanikiwa, mnunuzi aweza kulirudisha, na kwa upande wa magari muuzaji anaruhusiwa kukata kiasi kwa matumizi aliyoyapata mnunuzi. Maili alizoendesha mama yetu ndiyo maziwa aliyoyakama. Na kasoro ikidhihiri ndani ya miezi sita ya mwanzo, huhesabiwa kuwa ilikuwapo tangu awali, mpaka muuzaji athibitishe vinginevyo.

Mama yetu alikuwa amezipoteza zile siku 30 kwa haya. Na msidhani kwamba fiqhi ni laini zaidi kwake. Katika madhehebu ya Imam Shafi, ambayo wengi wetu tumelelewa nayo kule pwani, anayegundua kasoro hutakiwa arudishe papo hapo. Akichelewa bila udhuru, au akaendelea kukitumia kitu hali anaijua kasoro yake, huchukuliwa kwamba ameridhika. Asiyejua hukumu hiyo ya kuharakisha ana udhuru, na mama yetu hakuijua. Sasa nyinyi mmeijua. Haya ni sehemu ya imani, ila kumwambia ndugu yako kwamba alichokuuzia kina kasoro si utovu wa haya, na kumnyamazia hadi mwisho wa haki yako si wema kwake wala kwako.

Muuzaji alikuwa na neno jingine. Alitoa karatasi ya mauzo, na chini yake imeandikwa kwamba gari limeuzwa lilivyo, na mama ametia saini. Maneno haya tunayaona kila mahali, na wengi mnaogopa mkiyaona. Katika sheria ya hapa, mfanyabiashara hawezi kuifuta haki ya mnunuzi kwa sentensi hiyo. Na katika madhehebu yetu, kauli yenye nguvu ni kwamba muuzaji akishurutisha kutodhamini kasoro, sharti hilo humwokoa na jambo moja tu, nalo ni kasoro ya ndani ya mnyama ambayo yeye hakuijua. Wamemhusisha mnyama kwa kuwa hula akiwa mzima na hula akiwa mgonjwa, na maradhi yake hufichika hata kwa mwenyewe. Gari si mnyama. Na kasoro aliyoijua muuzaji haiondolewi na sharti lolote.

Tunapaswa kuongeza kwamba haya ni ya anayenunua kwa mfanyabiashara. Ukinunua kwa mtu binafsi, mlangoni pake, sheria ya nchi inakulinda kidogo mno. Kikubwa anachowajibika nacho ni kwamba gari ni lake kuliuza na kwamba liko kama alivyolieleza. Kwa hiyo muulize maswali, na majibu yake yapate kwa maandishi, hata kwa ujumbe wa simu. Kadi ya gari nayo inaonyesha nani amesajiliwa kulitunza tu, haithibitishi kwamba ni mali yake. Huenda bado liko chini ya mkopo. Wala MOT isiwalaze usingizi, kwani mkaguzi yule hachunguzi hali ya injini wala ya giaboksi. (Na mkopo wenyewe wa kununulia gari, pamoja na riba iliyomo, tumeuwekea siku yake. Tukiufungua sasa tutafuturu usiku wa manane.)

Upo upande mwingine unaotuhusu sisi Waswahili peke yetu. Kwa kuwa magari ya hapa yana usukani wa kulia, mengi yetu huyapakia melini kwenda Mombasa na Dar es Salaam kwa niaba ya jamaa. Ami yako akikutumia pauni 3,000 umnunulie gari, wewe ni wakili wake. Ukilipata kwa 2,500, zile mia tano ni zake, labda awe amekubali tangu mwanzo kwamba utabaki na kitu. Na ukimpelekea lenye kasoro unayoijua, umemnyang'anya hiari ambayo Sharia imempa, kwa sababu hakuna atakayelirudisha gari kwa meli. Pia Kenya haipokei gari lililopita miaka minane tangu liliposajiliwa mara ya kwanza. Twamjua mtu aliyelipeleka la miaka tisa huku akijua, akitumaini mambo yatajipa bandarini. Hayakujipa, na aliyebaki kulia ni mjane aliyetuma fedha.

Imamu Ghazali amesimulia katika Ihya kwamba Swahaba Wathila bin al-Asqa (R.A.) alikuwa amesimama mahali ambapo mtu aliuza ngamia wake kwa dirhamu mia tatu. Wathila alighafilika kidogo, na mnunuzi akaondoka na ngamia. Akamkimbilia huku akimwita, akamuuliza kama amemnunua kwa nyama au kwa kupanda. Aliposema kwa kupanda, Wathila akamjulisha kwamba ameona tundu katika ukwato wake, na hataweza mwendo wa mfululizo. Mnunuzi akarudi, na muuzaji akalazimika kupunguza dirhamu mia. Akamlalamikia Wathila kwamba amemharibia biashara. Wathila akamjibu kuwa walimpa Mtume (S.A.W.) ahadi ya kumtakia kheri kila Mwislamu. Ngamia hakuwa wake, wala mnunuzi hakumuuliza kitu. Aliona tu, na hakuweza kunyamaza. Sisi tuliulizwa.

Mtataka kujua mambo yaliishia wapi. Siku ile tuliondoka yadini bila suluhu, na maneno makali yalisemwa, mengine na sisi. Baada ya siku tatu ndugu yule alitupigia simu mwenyewe. Amelichukua gari, akakata pauni 200 kwa maili zilizotumika, na mama akaridhia. Nusu ya fedha amekwisha kuilipa, na nusu ameahidi kuilipa kabla ya Idi. Tunaisubiri. Fedha hizo asipozilipa tutazidhamini sisi, na hilo tumelitamka mbele ya kamati.

Ndugu huyo bado anaswali nasi. Tafadhali msigeuze shingo kumtafuta. Katika kadhia hii, wa kutazamwa ni huyu aliyekaa mbele yenu na kipaza sauti. Kuanzia leo, atakayetuuliza juu ya mtu ambaye hatujaamiliana naye kwa fedha atajibiwa kwamba hatumjui, hata akiwa ndiye anayetuadhinia. Asichukie.

Fundi mmoja miongoni mwetu, mwenye gereji yake, amejitolea kulikagua gari la yeyote katika jumuiya kabla hajalilipia, kila Jumamosi asubuhi. Karatasi ya kuandika majina iko pale mlangoni, karibu na rafu ya viatu. Akina mama wataletewa yao. Kesho, Mwenyezi Mungu akituwafiki, tutaanza Zakatul Fitri.

Allahumma tusamehe tuliyoyasema bila ilimu, na uturuzuku ya halali. Wabillahi tawfiq, wassalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.