Friza Inayonguruma Bila Kupoza: Kazi ya Veni Ndani ya Kompresa
Maandishi ya mazungumzo kwa wenye maduka, wenye bucha na mafundi wa friji, Kola



Wafanyabiashara wengi wanalijua tatizo hili. Friza inanguruma mchana kutwa, tokeni za stima zinaisha, lakini soda ni vuguvugu na nyama imeanza kulegea. Fundi anaitwa, anaongeza gesi. Wiki chache baadaye anaitwa tena, anaongeza tena. Mwishowe kompresa inakufa, na mpya inakula faida ya miezi. Katika mashine zenye kompresa ya kuzunguka, chanzo huweza kuwa kipande kidogo cha chuma kiitwacho veni.

Kwanza, kuitambua kompresa yenyewe. Friji nyingi za nyumbani hutumia kompresa ya pistoni inayokwenda mbele na kurudi nyuma. Hiyo kwa kawaida ni fupi na nene kama chungu. Kompresa ya kuzunguka imo katika viyoyozi vingi na katika baadhi ya friza. Hiyo huwa ndefu na nyembamba kama mkebe uliosimama, na ubavuni ina chupa ndogo.

Ndani yake mna silinda, na ndani ya silinda mna pete nzito inayobingirika ikigusa ukuta. Veni ni bamba jembamba lililo katika mfereji uliochongwa kwenye ukuta wa silinda. Ncha yake huegemea ile pete muda wote. Upande mmoja wa veni gesi inaingia. Upande wa pili gesi inashindiliwa. Kwa hiyo veni ni kama mlango kati ya vyumba viwili, mlango usiotakiwa kuachia ufa hata kidogo.

Kwa stima ya Kenya ya hezi 50, mota ya namna hii huzunguka karibu mara 2,900 kwa dakika. Kila mzunguko veni huingia na kutoka mara moja. Kwa saa moja tu hiyo ni zaidi ya safari 170,000, na kinachoikinga isisagike ni utando mwembamba wa oili.

Veni hushikiliwa na nguvu mbili. Mashine inapowaka, springi iliyo nyuma yake ndiyo huisukuma. Baadaye, katika aina iliyo ya kawaida, ganda zima hujaa gesi yenye shinikizo kubwa, na gesi hiyo huikandamiza veni kwenye pete. Ndiyo sababu ganda la kompresa hii huwa moto hata likiwa zima. Msukumo ukiwa hafifu, veni huruka na kugonga, gesi huvuja kutoka chumba kimoja hadi kingine, na mashine hufanya kazi bure. Msukumo ukizidi huku oili ikiwa haba, ncha husagika.

Mambo manne huivuruga veni, na yote yanaweza kuzuiwa.

La kwanza ni kuwasha mapema baada ya stima kurudi. Mashine ikizimika ghafla, shinikizo la pande mbili huhitaji dakika kadhaa kusawazika. Ikiwashwa kabla ya hapo, mota husukuma mzigo isiouweza. Stima ikiwa hafifu, hali huwa mbaya zaidi: volti zikishuka kutoka 240 hadi 200, nguvu ya mota ya kuanzia hupungua kwa karibu asilimia 30. Haraka haraka haina baraka. Stima ikipotea, plagi itolewe, na isirudishwe kabla ya dakika tano baada ya stima kutulia. Kifaa cha kulinda friji chenye kuchelewesha stima hufanya kazi hiyo chenyewe.

La pili ni gesi iliyozidi. Gesi ya friji haitumiki ikaisha kama mafuta ya taa, imefungiwa ndani. Ikipungua, kuna tundu, na tundu lizibwe kwanza. Ikijazwa kupita kiasi, hurudi kwenye kompresa ikiwa maji maji na kuosha oili kwenye veni. Ile chupa ya ubavuni imewekwa kuyanasa maji hayo, kwa hiyo isikatwe.

La tatu ni oili isiyolingana na gesi. Gesi ya zamani ya R22 ina klorini, ambayo yenyewe husaidia kulinda vyuma vinavyosuguana. Gesi nyingi zilizoifuata hazina klorini, kwa hiyo veni hutegemea zaidi oili sahihi na chuma bora. Baadhi ya oili hizo hufyonza unyevu wa hewa upesi. Kopo lisiachwe wazi, na mfumo ufyonzwe hewa kwa pampu kabla ya kujazwa gesi.

La nne ni joto. Friza iliyobanwa ukutani, yenye vumbi kwenye mabomba ya nyuma, hupandisha shinikizo na kuielemea veni. Katika miezi ya joto kabla ya mvua za mwisho wa mwaka, kusafisha vumbi hilo ni kazi ya nusu saa inayookoa kompresa.

Dalili zisipuuzwe, hata na wakubwa. Mwaka 1986 kampuni ya General Electric ya Marekani ilianza kutengeneza kompresa ya kuzunguka kwa friji za nyumbani. Katika majaribio, mafundi waliona vipande vilivyobadilika rangi kwa joto, lakini mauzo yakaendelea. Kampuni ililazimika kubadilisha zaidi ya kompresa milioni moja, na mwaka 1988 ilitenga dola milioni 450 kwa hasara hiyo.

Kola haina dola milioni 450, lakini ina maziwa, nyama, na chanjo za watoto zinazotakiwa kukaa kati ya nyuzi 2 na 8. Mwenye friza aweke kipimajoto ndani, asiamini mngurumo. Mlio wa kugonga kwa sekunde chache wakati wa kuwaka unaweza kuwa wa kawaida. Ukiendelea, mashine izimwe na fundi aitwe siku hiyo. Fundi naye asome kibandiko cha mashine kabla ya kugusa gesi: R600a na R290 hushika moto, na R22 haifai kuachiliwa hewani kwa kuwa huharibu tabaka la ozoni.

Kabla ya kulipia gesi, mwenye mali amwulize fundi swali moja: ile ya kwanza ilipitia wapi?